Mume Wangu Hagusi Taco Mpaka Mkewe Afike, na Mkewe Ni Mimi

Mpendwa Mama Zulema, najua safu yako ya ushauri gazetini ina nafasi ndogo, lakini nakuomba unisome mpaka mwisho na unisamehe urefu wa barua hii, kwa maana nilifundisha sayansi shule ya kati hapa Weslaco, kusini mwa Texas, mpaka nikastaafu, na mtu aliyezoea kueleza jambo kuanzia mwanzo wake hawezi tena kulianzia katikati, na hili langu likianziwa katikati litaonekana ni jambo la jikoni tu, la nyama ya kusaga na tortila, kumbe ninachokuandikia ni kwamba nampoteza mume wangu kwa maradhi na sasa nampoteza tena kwa njaa, na chakula kipo mezani.

Mume wangu ni Evaristo, aliyeendesha basi la shule miaka yake yote ya kazi, na kama ulikulia upande huu wa Bonde, kama tunavyoliita eneo letu hili, huenda alikubeba wewe pia na kukukaripia usitoe kichwa dirishani. Ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo, ukaja kwenye njia za mitaani, jambo ambalo kwa dereva ni pigo, halafu akamsahau binti yetu Maricela kwa siku moja moja, halafu akanisahau mimi, na mimi si kwa siku moja moja, hanijui kabisa. Si kwamba ananitendea vibaya. Ananiita bibie. Ananishukuru kwa kila kitu, ananifungulia mlango, na jioni moja aliniuliza kama ninaishi mbali, maana giza linaingia na si vizuri mwanamke kutembea peke yake.

Sasa nieleze kuhusu taco, maana ndiko kwenye shida. Alhamisi nyumbani kwetu ni siku ya taco tangu tulipokuwa wote kazini, kwa sababu ni chakula cha mtu aliyerudi amechoka na hataki kusimama jikoni muda mrefu: unatwanga kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili manga kwenye kinu cha jiwe, unatia tone la maji usuuze kinu usipoteze kitu, unamimina kwenye nyama ya kusaga iliyokwisha kubadilika rangi pamoja na viazi vilivyokatwa vidogo, na nyama inapoiva wewe unakata saladi na nyanya na kukwaruza jibini ya njano. Halafu unapasha mafuta kwenye kikaango cha chuma, unaitia tortila, ile chapati nyembamba ya mahindi, unaijaza nyama, unaikunja kwa uma na kuigeuza mpaka ikauke pande zote, unaitoa na kuipeleka mezani, na kabla aliyeipokea hajamaliza nyingine iko kwenye mafuta. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yangu na kwa mama yake Evaristo. Anayekaanga hakai. Evaristo na Maricela walikula nyuma yangu, mimi nikiwa nimewapa mgongo, na mimi nilikula wa mwisho, nimesimama pale pale mbele ya jiko, maana taco ya namna hiyo haingoji mtu, ukiingoja inalegea na ni kama umemtukana aliyeipika. Milo mingine haikuwa hivyo. Kuku wa Jumapili, au nyama ya kuchoma, au mlo wowote unaowekwa mezani wote kwa pamoja, Evaristo hakuruhusu mtu aguse mpaka mimi nimevua aproni na kukaa, na Maricela alipokuwa mdogo alinyang'anywa uma mara nyingi kwa kosa hilo.

Mwaka jana Evaristo alikuja jikoni akataka kukinyanyua kikaango cha mafuta ya moto kwa mkono mtupu, akidhani nadhani kinamwunguza mtu, na nikamshika kwa bahati tu. Maricela, ambaye ni muuguzi San Antonio, alipiga marufuku mafuta siku ile ile. Akaniletea maganda ya taco ya kwenye boksi, yaliyokwisha kukunjwa, ambayo unayaingiza kwenye oveni, na unga wa viungo wa pakiti, akaniambia, Mama, pika haraka, panga kila kitu kwenye sinia, kisha ukae naye mezani umtazame usoni na umkumbushe taratibu wewe ni nani. Nilimtii, kwa sababu ana elimu ya mambo hayo, na kwa sababu kukumbusha watu ndiyo kazi niliyoijua.

Tangu hapo Evaristo hali jioni. Si Alhamisi tu, jioni yoyote. Asubuhi anakunywa kahawa na mkate mtamu, mchana anakunywa supu kidogo kwenye kikombe mbele ya televisheni, lakini jioni, na huo ndio ulikuwa mlo wake mkuu, ninaweka sinia, ninakaa mbele yake, naye anasifia chakula, anaweka mikono mapajani na kusema, "Kinanukia vizuri, bibie. Tumsubiri tu mke wangu akae."

Ninamuuliza mkewe yuko wapi. Anasema yuko jikoni, anakuja. Na jiko letu, Mama Zulema, linaonekana kutoka mezani, taa imewashwa, hakuna mtu. Basi ninaanza kumweleza. Ninamwonyesha picha ya harusi, ninamwonyesha pete yangu na yake, ninamweleza jinsi alivyokuja kwa baba yangu kuniposa na kofia yake ikaliwa na mbuzi, jambo ambalo zamani lilimchekesha mpaka machozi. Ananisikiliza kama mwanafunzi mwenye adabu. Anatikisa kichwa, anasema kweli, kweli, halafu nikinyamaza ananiinamia na kuuliza kwa sauti ya chini kama mke wake nami tunafahamiana. Wakati huo maganda yamelegea na jibini imeganda. Yeye huchukua taco moja, anaifunika kwa karatasi ya kufutia mikono na kuisogeza pembeni, anasema hii ni ya kwake.

Mashati yake sasa yanamning'inia. Daktari ametuonya. Maricela amesema mwisho wa mwezi anakuja kumchukua, kuna nyumba ya kutunzia wazee huko San Antonio, na wanajua kulisha watu wa aina ya baba. Mimi macho yangu hayaniruhusu tena kuendesha gari njia ndefu. Nitakuwa namwona Evaristo pale tu Maricela anapopata nafasi ya kunichukua, na siku nyingine zote atakuwa mezani kati ya wageni akimsubiri mtu ambaye safari hii kweli hayupo.

Nilitaka kuishia hapo lakini kuna jambo moja lililonimaliza, nalo sina budi kulieleza. Alhamisi moja mwezi huu, upepo wa baridi wa kaskazini ulipokuja, nilikuta sina maganda ya boksi. Wifi yangu Eloisa, dada yake Evaristo, anayekaa mtaa wa pili, alikuwa amekuja na amekaa naye mezani wakibishana juu ya tamthilia ya televisheni. Nikasema potelea mbali, yupo mtu wa kumshika, nikatoa kikaango na kukaanga kama zamani, nikawapelekea moja moja na kurudi jikoni. Evaristo alikula. Alikula nne, Mama Zulema, nami nilikuwa nikisikia zinavyokatika kati ya meno yake. Halafu nikasikia akisema nyuma yangu, kwa sauti yake ile ya basi, "Linda, hiyo iliyoungua usinipe mimi. Mpe Eloisa, yeye amezoea vya kuungua, hakuna kitu amewahi kupika kikabaki na rangi."

Eloisa akamjibu kwamba yeye angalau hakuwahi kupika basi zima la watoto kwa kusahau kufungua madirisha kwenye joto la mwezi wa nane, na wakacheka wote wawili.

Jina langu ni Herlinda. Linda aliniita yeye peke yake, na sikuwa nimelisikia tangu aliponipoteza. Nilizima moto. Niliacha taco kwenye mafuta, nikaenda nikakaa mbele yake, nikamshika mikono yote miwili nikamuuliza ameniita nani. Akanitazama. Nilimwona akinitafuta usoni, kwa bidii, kama mtu anayesoma kibao cha barabara kwenye ukungu, na nilimsaidia, nilimwambia mimi ni nani, nilimweleza yote, na mwanga uliokuwa umeanza machoni mwake ukazimika. Akaitoa mikono yake polepole. "Samahani, bibie," akasema. "Nilidhani mke wangu yupo." Akaisukuma sahani.

Eloisa akasema, "Wifi, ungemwacha ale. Kengele imeshalia na wewe bado unafundisha." Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, akachukua sweta yake akaondoka, na hajarudi.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba ni uso wangu. Anakumbuka sauti ya jiko langu, anakumbuka chakula changu, anakumbuka kila kitu changu isipokuwa mimi, kwa sababu huyu bibi kizee anayekaa mbele yake hakumwoa, na kila nikikaa pale ninamfukuza mke wake. Mwenzangu mmoja wa kanisani ameniambia niukate mzizi wa subira hii: nimwambie tu kwamba mkewe amekufa, atalia, atamaliza, ataacha kumngojea na atakula. Nimelifikiria. Jana nilifungua kinywa kabisa, kisha nikainuka nikaondoa sahani. Nakuuliza wewe, kwa sababu watu wanakusoma na kukutii. Je, nimwambie kwamba nimekufa? Au nimwachie Maricela amchukue?

Ni mimi,
Bibie, Weslaco

*

Mwalimu Herlinda,

Usimwambie. Nalitanguliza hilo ili usiweke barua chini kabla ya kulifikia. Huyo mwenzako wa kanisani hajafikiri. Mtu anayesahau hasahau kwa kuchagua. Utamwambia mke wake amekufa, atalia kilio cha mtu aliyefiwa leo, na kesho jioni atakuuliza tena yuko wapi, nawe utamuua tena. Utafanya mazishi yako mezani kila siku, na chakula bado hakitaliwa.

Nakupa pole, na pole hiyo ni ya kweli. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Lakini nitakugombeza pia, kwa sababu umenieleza kila kitu vizuri sana, hatua kwa hatua, kama ulivyozoea, na hukusikia hata neno moja la uliyoyasema.

Umeniandikia kwamba nyumbani kwenu kuna adabu mbili. Mlo uliowekwa wote mezani hauguswi mpaka mama wa nyumba akae. Taco inayotoka kwenye mafuta inaliwa hapo hapo, na mama wa nyumba yuko jikoni amesimama. Hizo mbili mumeo alizishika maisha yake yote, akamfundisha na binti yenu. Ugonjwa umemchukulia njia, funguo, mtoto na mke, lakini adabu haujaifikia. Basi wewe na Maricela mkaleta sinia, mkapanga kila kitu, na akaketi mbele yake mwanamke asiyemjua. Ulitaka afanye nini? Amefanya kile ambacho mume uliyeolewa naye angefanya. Ameweka mikono mapajani na kungoja.

Hakatai chakula chako, Herlinda. Ana njaa, chakula kipo mbele yake, na hakigusi kwa sababu wewe hujakaa. Ile anayoifunika kwa karatasi ni yako. Sijui wanawake wangapi katika Bonde hili wana mume mwenye akili timamu anayewafanyia hivyo.

Na kila jioni amekuambia mkewe alipo. Amesema yuko jikoni. Wewe ukatazama jikoni, ukaona hakuna mtu, ukadhani ni maradhi yanayosema. Hakuna mtu kwa sababu wewe umeondoka pale.

Sasa kuhusu uso wako. Uache. Uso wako hauna kosa. Kosa ni mtihani. Kila jioni unamkalisha mume wako, unamwekea picha na pete, unamuuliza maswali, naye anafeli, kila jioni, mbele ya sahani. Ungemwona mwalimu mwenzako akimfanyia hivyo mtoto mgonjwa ungekwenda kwa mkuu wa shule. Siku ile alipokuita, hakukuita kwa sababu alikumbuka somo. Alikuita kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Alikuwa na dada yake, anasikia mafuta, anauona mgongo aliouona Alhamisi zote za maisha yake, na jina likatoka lenyewe. Ukaliendea mbio na kulidai likueleze limetoka wapi. Najua kwa nini. Mimi pia ningekimbia. Lakini usirudie.

Kwa hiyo fanya haya.

Leo, kabla hujafanya jingine, nenda mtaa wa pili ukamwombe Eloisa msamaha. Usimpigie simu; nenda kwa miguu yako. Usimweleze kwa nini ulikasirika, maana utaanzia mwanzo na atachoka. Sema umekosa na kwamba unamhitaji. Akikutania, kubali kutaniwa, ana haki hiyo. Bila Eloisa hakuna mafuta yatakayowashwa katika nyumba hiyo, na hapo namuunga mkono binti yako kabisa. Alikosea juu ya sinia lakini hakukosea juu ya kikaango.

Mkae hivi: Evaristo upande wa ukutani, meza mbele yake, Eloisa upande wa njia ya kwenda jikoni, ili akitaka kuinuka apite kwake kwanza. Kikaango kiwe kwenye moto wa nyuma wa jiko na mpini umeelekea ndani. Mafuta yawe kidogo, ya kutosha tortila moja, huna jeshi la kulisha. Rudia bizari yako na kinu chako, ule unga wa pakiti mpe jirani. Kaanga moja, ikate katikati asije akapaliwa, mpelekee, rudi. Usikae. Usimtazame anavyotafuna. Eloisa ataangalia hayo, na mwache aongee upuuzi wake wote wa tamthilia, kwa maana anayecheka na dada yake hakumbuki kwamba anamngoja mtu.

Siku ambazo Eloisa hawezi kuja, hakuna mafuta. Pasha tortila kwenye kikaango kikavu, weka maharage, weka yai, weka nyama iliyobaki, mpelekee moja moja ukiwa umesimama. Mafuta si dawa. Dawa, kama ipo, ni chakula kutoka mkononi mwako moja kwa moja kikiwa cha moto, na wewe ukiwa mahali anapojua upo. Picha na pete zirudi chumbani. Akikuuliza mkewe yuko wapi, usimfundishe na usimdanganye. Sema yuko jikoni, kisha nenda jikoni.

Na wewe pia ule. Hukuniambia unakula nini jioni hizo, nami nimeliona pengo hilo.

Mpigie Maricela umwombe asingoje mwisho wa mwezi. Aje Alhamisi, akae karibu na baba yake, ale naye. Usimtolee hoja, mwonyeshe tu. Baba akila, muombe muda, na mpange pamoja nani atakusaidia, kwa sababu peke yako huwezi na umeshaona huwezi. Asipokula, na uzito ukaendelea kushuka, basi mwache amchukue, na wewe ufunge nyumba umfuate San Antonio ukaishi karibu naye. Nyumba ya Weslaco ni kuta. Siwezi kukuahidi ni lipi kati ya hayo mawili litatokea.

Wala siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Hili lazima nikuambie, maana umeishi na sayansi na utalijua hata nikilificha. Yule atakayekushika mikono na kukujibu, "Wewe ni Herlinda, mke wangu, nilikuja kwa baba yako na mbuzi akala kofia yangu," huyo hatakuja tena mezani. Hata mgongo wako atausahau, sijui lini. Kilichobaki ni kidogo na kinapungua. Lakini jioni moja mwezi huu kilitosha kula taco nne na kumtania dada yake, na wewe ulikuwepo, na alijua upo. Mimi ningeshikilia hicho kwa mikono miwili kabla hakijapoa.

Akikuita Linda tena, na huenda akakuita, najua mwili wako wote utataka kugeuka. Usigeuke. Itika ukiwa umempa mgongo, sauti yako iwe ya kawaida, kama mwanamke aliyeitwa jina lake mara elfu na ana kazi mkononi. Muulize anataka ngapi.

Mama Zulema